Majina Mia Moja Sitini na Nne

Nzuguni, Dodoma
8 Aprili 2025

Octavian,

Banda letu la Ngoma lilivunjwa Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Kufikia saa nne kasoro robo lilikuwa kifusi. Dakika ishirini na tano. Banda lile lilikula tofali 2,340, na najua kwa sababu nilizifyatua mwenyewe kwenye mashine yangu, sitini kila Jumamosi baada ya oda za wateja, Jumamosi thelathini na tisa. Piga hesabu ukitaka.

Sikuandikii kwenye simu. Ya simu mtu huyafuta akasema hakuyaona. Barua hii imepita kwenye kitabu cha mapokezi cha ofisi yenu hapo Mpwapwa, kwa hiyo kuna mtu ametia sahihi kwamba imefika. Sahihi, Octavian. Nitarudi hapo.

Nilikuwa na funga yangu. Nilisimama mbele ya kijiko cha kubomolea nikamuuliza msimamizi, yule mwenye kofia ya manjano, nani amewatuma. Akacheka kidogo. "Mmetutuma wenyewe, mama." Akafungua faili akasoma kwa sauti, mtaa mzima ukisikia: kwamba kwenye mkutano wa tarehe 14 Desemba 2024, wananchi 164 waliridhia kiwanja kitolewe kwenye matumizi ya jamii kiwe cha biashara. Majina na sahihi vimeambatishwa. Chini kuna jina lako, Mratibu wa Ushirikishwaji.

Mkutano huo nilikuwepo. Na unanijua, siwezi kukaa mahali bila kuhesabu vichwa. Tulikuwa thelathini na nane, pamoja na wewe na dereva wako. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili baada ya ukame wa wiki tatu, na wewe uliyepanga chumba kwangu miaka mitatu unajua kwamba mvua ikinyesha huku hakuna mkutano, watu wote wako shambani. Ulitandaza ramani ukatugawia stika za kijani. "Bandikeni mnapopapenda, mji ni wenu." Tulibandika stika sabini na moja juu ya Banda mpaka karatasi ikawa haionekani. Ukasema, "Basi hapa hapaguswi." Maneno yako, mbele yangu.

Thelathini na nane ikawa mia moja sitini na nne. Hao mia moja ishirini na sita walitoka wapi? Na hiyo namba yenyewe inanikereketa, kama sura ya mtu uliyewahi kumwona mahali ukasahau ni wapi.

Mchoro wa kwanza wa Banda uliuchora wewe, nyuma ya kalenda, kwenye meza yangu ya kulia, bado mwanafunzi. Ndiyo maana hili siwezi kulimeza. Angekuwa mgeni ningesema ni mgeni. Respicius aliyechora ukuta wa mbele, yule wa Karagwe mwenzako, siku ile aliokota vipande vya ukuta wake akavipanga chini kama mtu anayepanga mifupa. Ngoma kubwa ya mama Yasinta, ile ambayo wanawake wa muheme, ngoma ya Kigogo, waliianzia kila Jumamosi, imebaki chini ya kifusi.

Sikuiti mdogo wangu mpaka unijibu. Ninachotaka ni kimoja: nani aliandika majina yale. Na nakuambia mapema, nikishamjua sitasamehe. Nimeuombea moyo wangu Ramadhani nzima. Haukukubali.

Stara Hanifu
Fundi tofali
Mwenyekiti, Kamati ya Banda la Ngoma


Mpwapwa
19 Aprili 2025

Dada Stara,

Shikamoo. Barua nimeipata na nimeisoma mara tatu. Pole sana, dada. Nawe ukiwa kwenye mfungo, pole zaidi.

Kuhusu uliyoyauliza, naomba nikujibu kama ofisi. Utaratibu wa ushirikishwaji ulizingatiwa. Mkutano uliitishwa kwa tangazo la siku kumi na nne, akidi ilitimia, na muhtasari ukawasilishwa pamoja na mahudhurio. Mabadiliko ya matumizi ya kiwanja hupitia ngazi kadhaa, na uratibu ni ngazi ya chini kabisa. Mimi kwa sasa nimehamishiwa huku kwenye kazi nyingine ya namna hiyo hiyo, ya eneo la wazi ambalo wenyeji hulitumia kwa maulidi na mikutano. Nyaraka za Nzuguni sinazo.

Sasa naomba nikujibu kama mtoto wa nyumba yako. Malalamiko yenu peleka, ni haki yenu. Zungumzia jasho lenu, zungumzia watoto, zungumzia ngoma. Ila majina usiyafukue. Nakuomba sana. Kuna vitu vikifukuliwa humrudia aliyeshika jembe.

Msalimie Respicius. Mwambie nilikuwa naupenda ukuta ule.

Wako,
Octavian Rwekaza


Nzuguni
27 Aprili 2025

Mama Yasinta,

Shikamoo. Na kwa Kigogo chako, mbukwenyi? Goti linaendeleaje, na hapo hospitali ya Mvumi wamesemaje? Wanawake wa muheme wanakuulizia kila siku. Wanasema tangu uondoke mabega yao yameota kutu.

Nakuandikia jambo la furaha, kama furaha ipo. Octavian nimempata.

Kwanza alinijibu kwa lugha ya ofisi, ngazi kadhaa, akidi ilitimia. Halafu akanitisha. Nisifukue majina, eti yatamrudia aliyeshika jembe. Ananitisha mimi! Mimi niliyemfulia mashuka alipolazwa na malaria, mimi niliyempa bakuli langu mwenyewe. Basi akanionyesha pa kuchimba. Mtu akikuambia usichimbe hapa, chimba hapo hapo.

Mtu mmoja mwenye huruma amenitolea fotokopi ya ukurasa mmoja wa majina. Imefifia, sahihi nyingi ni vivuli tu, lakini mstari wa kumi na mbili unasomeka: Edina Ndahani. Sahihi yake ina mkia mrefu mwishoni. Mama, ni Edina dada yako! Tuliyemzika hapo Mvumi Agosti 2021, na maji ya kunawa waombolezaji niliyabeba mimi. Marehemu amehudhuria mkutano Desemba 2024. Tena amewahi kuliko wengi walio hai, namba kumi na mbili!

Wameghushi mpaka wafu. Sasa kamati inayosikiliza malalamiko ya kiwanja inakaa Jumanne, tarehe 17 Juni. Nataka uje na cheti cha kifo cha Edina, ukae mbele, na nitakapokuita usimame. Nitamvua Octavian nguo hadharani kama alivyolivua Banda bati. Nataka akitoka pale asipate mji wowote wa kuupanga, hata wa sisimizi.

Ngoma yako bado haijatolewa kwenye kifusi. Nikuletee vipande?

Mwanao,
Stara


Mvumi
6 Mei 2025

Mwanangu Stara,

Marahaba. Mbukwa. Kiswahili changu ni cha kisomo, kile cha kanisani, utanivumilia, na herufi zangu zinatembea kama mbuzi.

Nimecheka mpaka goti likauma. Edina kahudhuria mkutano! Alipokuwa hai mkutano aliukimbia kama deni, leo amekufa ndiyo anawahi.

Halafu nikaacha kucheka.

Stara, Edina hakujua kuandika. Kisomo alikuja siku mbili akasema mwalimu ananuka tumbaku. Kila mahali aliweka dole gumba. Wewe unaniambia jina limeandikwa kwa kalamu, na sahihi ina mkia mrefu. Mkia huo mimi naujua. Upo kwenye stakabadhi zako za tofali. Kama umekaa juu ya rundo, shuka ukae chini.

Unakumbuka Januari ya mwaka 2019? Mkutano wa kuomba kiwanja. Mtendaji wa mtaa alisema bila watu mia na hamsini hakuna kiwanja. Asubuhi hiyo hiyo mvua ikashuka. Mimi na Edina tulikuwa huku tunapalilia karanga, na nusu ya mtaa ilikuwa shambani. Ukanipigia mchana. "Mama, nimekuandika. Na Edina nimemwandika. Msije mkanikana." Nikakuambia andika, andika na mbuzi wangu. Tulicheka, Stara. Kiwanja kikapatikana, na mbuzi tukamla.

Wewe wa hesabu, mia moja sitini na nne hukuikumbuka? Mimi nisiyejua hesabu naikumbuka. Siku ya kufungua Banda ulipanda jukwaani ukatangaza, "Watu mia moja sitini na nne wamekitaka kiwanja hiki," nasi tukapiga vigelegele. Ulikuwa umevaa kitenge cha njano.

Sasa niulize tu. Zile karatasi nani alikuwa anazitunza? Katibu. Na katibu alikuwa nani?

Basi kijana hakukutisha. Alikuwa anakuficha, na yeye mwenyewe akijificha mgongoni kwako.

Cheti cha Edina ninacho, na kuja nitakuja. Lakini sitasimama kusema dada yangu ameghushiwa na watu wa mjini wakati najua ameghushiwa na wewe. Vipande vya ngoma usiniletee. Viache palepale mpaka aliyefanya aseme alichofanya. Kila aliyefanya.

Mimi mama yako,
Yasinta Ndahani


Nzuguni
12 Mei 2025

Octavian,

Leo saa nne asubuhi nimeonyeshwa nyaraka halisi. Dakika kumi, kwenye meza ya Hilda, karani wa kamati ya malalamiko, naye kanisimamia kama msimamizi wa mtihani. Sikugusa kitu. Nilihesabu.

Ukurasa wa kwanza, unaosema tumeridhia kutoa kiwanja, una matundu mawili ya pini ya stepla. Kurasa tano za majina zinazofuata zina matundu manne kila moja. Zimebanwa mara mbili. Mara ya kwanza zilibanwa na karatasi yangu ya 2019, ya kuomba kiwanja. Mara ya pili zimebanwa na karatasi yenu ya 2024, ya kukitoa. Watu waliosema tupeni, mmewageuza wakasema chukueni, na hamkuwabadilisha hata herufi.

Kosa langu nimeliona. Tarehe niliiandika ukurasa wa kwanza tu. Kurasa za ndani hazikuwa na tarehe, na karatasi isiyo na tarehe ni kama nyumba isiyo na komeo. Tangu leo hata stakabadhi ya tofali tatu naiandika tarehe juu na chini.

Faili la kamati yetu lilikuwa kwako, katibu wetu. Ulihama kwangu 2020 ukaondoka nalo, nami nikasema liache, liko mikononi mwa mtoto wa nyumbani.

Pini ya pili alibana nani?

Stara Hanifu


Mpwapwa
24 Mei 2025

Dada Stara,

Shikamoo. Basi umefika pale nilipokuomba usifike. Nitakueleza, kwa kuwa nimechoka kulala na kitu hiki.

Nilikuwa na watu 38. Bosi wangu akasema bila akidi kazi nzima inaahirishwa mwaka, na ikiahirishwa anapewa mwingine asiyejua hata Nzuguni iko upande gani. Mpango niliouchora mimi, nakuapia, ulikuwa na Banda katikati, na miti, na vyoo. Nikakumbuka faili la zamani. Nikajiambia, hawa 164 wanalipenda Banda, majina yao yatalilinda. Nikaziambatisha karatasi zile. Pini ya pili nilibana mimi.

Usiniulize nilijifunzia wapi. Ulikuwa umekaa juu ya rundo la tofali, Januari 2019, una kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, unabadilisha kila jina la tatu ili mikono isifanane. Upepo ulikuwa mkali, mimi nikakushikia karatasi zisipeperuke. Nikakuuliza kama hii ni halali. Ukanijibu, "Mdogo wangu, watu wapo, ila miguu yao iko shambani. Tunaazima majina tu." Nami nimeazima tu, dada.

Lakini ukurasa wa kwanza nilioupeleka mimi ulisema Banda libaki. Ulipotoka huko juu ulikuwa mwingine, na jina langu lipo chini yake. Niliuona Februari. Nikanyamaza. Aliyeubadilisha sitakutajia. Nina kazi, na nina mke na mtoto wa miezi minne.

Sasa sikiliza hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo lugha yako. Ukisema mbele ya kamati kwamba majina ni ya 2019, watakuuliza umejuaje. Itabidi useme majina 53 ni mkono wako. Mia moja sitini na nne kutoa hamsini na tatu ni mia moja na kumi na moja, na hiyo si akidi. Maana yake kiwanja hakikuwahi kuwa chenu. Kijiko kitakuwa kilivunja kitu kisichokuwepo kisheria, na aliyekifanya kisiwepo ni wewe. Utalibomoa Banda mara ya pili, safari hii kwa mdomo wako.

Liache, dada. Kwenye mpango mpya nimewaombea kipande cha mita 12 kwa 8, nyuma ya vyoo vya soko. Si haba. Mtaanza upya.

Mdogo wako,
Octavian


Nzuguni
9 Juni 2025

Octavian,

Kiwanja chetu kilikuwa mita 42 kwa 30. Wewe unanipa 12 kwa 8, nyuma ya vyoo. Kila mita kumi na tatu tulizokuwa nazo unaturudishia moja, na harufu juu.

Hesabu yako ya akidi nimeipitia. Ni sahihi. Nilikaa nayo siku moja. Siku ya pili nikachukua daftari, nikaandika majina 53, nikatoka.

Saba wamefariki. Wanane wamehama. Waliobaki ni thelathini na nane, sawasawa na mkutano wako wa Desemba, na unaona mwenyewe hesabu nayo ina dhihaka zake. Nimefika kwa wote thelathini na nane, nyumba kwa nyumba, siku kumi na nne. Idi yenyewe ya juzi sikuchinja, nilikuwa barabarani. Kila mlango nilisema maneno yale yale: mwaka 2019 niliandika jina lako bila kukuuliza, nikakutilia sahihi, na jina hilo hilo limetumika kutuvunjia Banda.

Thobias wa karakana ya baiskeli aliweka spana chini. "Yaani miaka sita nina sahihi ambayo sijawahi kuiona? Nionyeshe, dada. Kama ni nzuri kuliko yangu naihamia." Akacheka, akanisainia maelezo. Mwanasha wa genge la nyanya hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye kanga. "Wewe uliniazima kwa wema, wao wakaniazima kwa ubaya. Mimi mwenyewe nimebaki na nini? Toka hapa." Nikatoka. Jumla: ishirini na tisa wamesaini kwamba mwaka ule walikitaka kiwanja, na kama wangekuwepo wangesema hivyo. Watano wamenifukuza. Wanne wanafikiri.

Jumamosi tarehe 31 Mei tuliitisha mkutano juu ya kifusi chenyewe. Tangazo la siku kumi na nne lilikuwa limebandikwa tangu tarehe 16, siku nne baada ya kutoka mezani kwa Hilda. Mvua zimekwisha, mtama umeshaingia ndani, miguu ya watu imerudi mjini. Walikuja 207. Hakuna kalamu iliyotumika. Dole gumba, la kila mtu kwa mkono wake, na tarehe juu na chini ya kila ukurasa. Wamekiomba kiwanja upya, mita 42 kwa 30, bila kupunguza hata hatua moja. Mia mbili na saba, Octavian. Hiyo mia moja na kumi na moja uliyonitishia nayo kaa nayo.

Mkutano huo huo niliwaeleza kila kitu na nikajiuzulu uenyekiti. Thobias ndiye mwenyekiti sasa. Watu walinizomea. Wanawake wa muheme nao walinizomea, kwa sauti zao zile unazozijua, na walizomea kwa pamoja, vizuri, kama wamefanya mazoezi. Mama Yasinta alikuja kutoka Mvumi na goti lake, akakaa juu ya tofali zangu, akamsubiri kila mtu amalize. Halafu akavuta dumu la maji lililokuwa tupu, akalibana kwenye mapaja, akaanza. Wengine wakamfuata kwa madumu. Kelele tupu ile, haikuwa ngoma. Hakuna aliyeondoka.

Tarehe 4 Juni nimewasilisha kwa Hilda maelezo yangu ya kukiri majina hamsini na matatu. Nakala mbili, mihuri miwili. Kama kuna kufungwa nitafungwa, mashine ya tofali nimeshamwonyesha mtu wa kuiendesha. Kwa hiyo kile ulichokuwa umenishikia hakipo tena. Angalia mkono wako. Mtupu.

Lakini usijidanganye kwamba nimekiri ili niwe mtu mwema. Nimekiri ili nipate njia ya kukufikia. Ulikuwa umesimama nyuma ya kosa langu kama mtu anayesimama nyuma ya ukuta, na mimi kuta najua kuzijenga na nimejifunza zinavyovunjwa. Dakika ishirini na tano zinatosha.

Jambo lingine ambalo hulijui. Jumanne iliyopita nilikuja Mpwapwa. Unasahau kwamba huko ndiko kwetu, na babu wa babu yangu aliingia mji huo na misafara, akaoa, akabaki. Sikukutafuta. Nilikaa nyuma kabisa, na mtandio wangu mweusi, kwenye mkutano wako wa ushirikishwaji. Ukatandaza ramani. Ukagawa stika. "Mji ni wenu." Nilihesabu vichwa: arobaini na sita. Karatasi ya mahudhurio iliponifikia niliandika tarehe juu na chini ya kila ukurasa, na katikati, kwa herufi kubwa: MAHUDHURIO TU, HATUJARIDHIA CHOCHOTE, TUKO 46. Nikampa jirani yangu naye akaandika hivyo hivyo. Kazione kwenye faili lako. Sababu nimewaambia watu watatu tu, lakini watatu hao ni wa ukoo wa Hanifu, kwa hiyo kufikia sala ya Ijumaa mji mzima ulikuwa nayo. Ukiona wanakuamkia huku wanakuhesabu, ndiyo sababu.

Una mke na mtoto wa miezi minne. Nimesoma, na nimemhurumia mtoto. Wewe sijakuhurumia. Banda lile liliwalea watoto wa mtaa mzima, wa Kigogo, wa Kihaya kama wewe, wa wafanyakazi wa serikali waliohamia hapa bila kumjua mtu, na siku ulipouona ule ukurasa mwezi Februari ulikuwa na mwezi mzima wa kunipigia simu. Namba yangu haijabadilika tangu ulipokuwa unanipigia nikuwekee ugali.

Sasa sikiliza vizuri. Aya ya nne ya maelezo yangu inasema: "Karatasi za mwaka 2019 ziliambatishwa na Octavian Rwekaza, kama alivyokiri kwa barua yake ya tarehe 24 Mei 2025. Ukurasa wa kwanza ulibadilishwa na," halafu nimeacha nafasi. Nimemwomba Hilda niijaze kabla ya kufunga, amekubali. Nafasi hiyo nimeipima. Octavian ni herufi nane. Linaenea.

Kujaza majina ya watu wasiokuwepo najua. Umeniona kwa macho yako, ulinishikia karatasi.

Kama si wewe, nitajie. Sitaki pole, sitaki ngazi kadhaa, sitaki kumbukumbu za ugali. Jina moja, kwa wino, kwa mkono wako, tarehe juu na chini. Dirisha la kupokea nyaraka linafungwa Alhamisi, tarehe 12 Juni, saa sita kamili mchana. Nitakuwa nimesimama hapo tangu saa mbili asubuhi na kalamu zangu mbili, ya bluu na nyeusi.

Ukurasa wa kwanza aliubadilisha nani?

Stara Hanifu
Fundi tofali